Sufu Katika Damu

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Mimi nimeipima.
Tórshavn, Jumanne, mvua ikilipiga dirisha ubavuni,
nina vichupa kumi na vinane juu ya barafu:
tisa vya samaki wa kizimba cha tatu, wanaokula,
tisa vya kizimba cha saba, waliogoma kula,
wanaoelea kandokando ya wavu
kama watu waliosahau walichokifuata chumbani.

Bárður ndiye aliyewatoa damu, alfajiri, vidole vimekufa ganzi.
Amekwisha piga simu mara mbili. "Rannvá, vipi?"
Subiri. Damu haisemi kwa kuulizwa.

Kwanza naikata.
Kimeng'enya changu kimetoka katika kongosho la nguruwe,
lakini kina adabu, hakikati ovyo:
baada ya lisini, baada ya arginini,
kwingine hakigusi.
Usiku kucha, katika joto la mwili wa mtu,
protini ndefu zinakatika silabi silabi,
hata asubuhi sina neno moja zima,
nina vipande tu, maelfu kwa maelfu,
vimechanganyika kichupani.

Halafu mashine.
Inavipitisha katika sindano nyembamba kuliko unywele,
inavitia umeme, inavirusha kwenye ombwe
pasipo hewa ya kuvizuia wala ya kuvibeba.
Vyepesi hutangulia. Vizito hufuata.
Vingine inavikamata na kuvivunja tena,
nami nasoma mapengo: hili glisini, hili valini,
hili lusini, au pacha wake,
maana hao wawili uzito wao ni mmoja
na mizani haijui nani ni nani.

Ndivyo neno hurudi. Si kwa kusikika;
kwa kuhesabiwa mizani,
kama mtunzi kiziwi
anayelijua shairi kwa vidole.

Jumatano, saa nane mchana, orodha ikashuka.
Juu kabisa, katika vichupa vyote kumi na vinane:
keratini. Ya binadamu.
Huyo ni mimi; nilijikuna mahali.
Nimezoea kujikuta nisipoalikwa.
Ya pili ilikuwa keratini ya kondoo.

Samaki hana sufu.
Nikahakiki. Nikahakiki tena.
Kisha nikafungua koti jeupe, nikajitazama:
sweta ya kahawia aliyonifumia shangazi Tóra
mwaka wa mwisho wa macho yake,
sufu ya kondoo wake mwenyewe wa Sandoy,
mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia.
Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilicheka hadi Hanus wa chumba cha pili akachungulia.
Nikamfuta shangazi kwenye orodha.
Nikajifuta mimi. Nikamfuta nguruwe.
Ndiyo kanuni: wageni watoke kwanza,
kisha ndipo ulinganishe.

Kizimba cha tatu: enolasi kidogo, aldolasi kidogo.
Cha saba: mara kumi na moja.
Hizo si za kuzurura damuni. Hizo ni za nyama,
na nyama haihami kwake ila nyumba imebomoka.
Misuli inavuja.
Wale samaki hawakugoma, Bárður.
Wanabomoka kwa ndani, na moyo umo,
na magamba juu yanang'aa vilevile.

"Ni cha saba," nikamwambia. "Boti iliyogusa pale
isiguse cha tatu."
Hakujibu. Nilisikia pampu ya chakula ikizimwa,
kisha upepo tu.

Jioni nikaivua sweta, nikaitia katika mfuko wa nailoni,
nikaufunga mara mbili, nikaandika kwa kalamu ya maabara
jina, tarehe, chanzo.

Nilifika mlangoni. Baridi.
Nikaufungua.