Tarehe Yetu

Sudi alijaza fomu mwaka Siwema alipong'oka meno ya mbele.
Akapiga simu kutoka Ohayo, mtandao ukikatika-katika:
"Dada, wameipokea. Tuna tarehe."
Nikachinja jogoo.
Tangu siku ile nyumba hii ina mtoto wa pili,
hali, havai, haugui surua,
jina lake Tarehe Tisa Machi.

Kila mwezi wakubwa wa kule hutoa taarifa
ya tarehe zilizofika mlangoni.
Siwema huisoma kwenye simu, mimi nikichuja mawese,
nami huuliza kama anayemuulizia mgonjwa:
Ameamkaje?
Amesogea wiki moja, mama.
Mwezi mwingine: yuko palepale.
Na mwaka ule ziwa lilipopanda likameza banda letu Kibirizi,
alisoma, akanyamaza, akasoma tena:
Mama, amerudi nyuma. Miezi kumi na moja.

Nimewahi kuona mtu akirukwa kwenye foleni.
Foleni yenyewe kugeuka ikaondoka, sijapata.

Sisi wa mwisho wa reli si wageni wa kungoja.
Nimelala stesheni juu ya vidumu vyangu siku tatu
mabehewa yakitafutiwa kichwa huko Tabora.
Lakini treni, hata ikichelewa,
reli hutetemeka kabla yake;
unaweka kiganja juu ya chuma, unajua.
Hii ya Sudi nimeiwekea kiganja miaka kumi na minne.
Chuma baridi.

Wananiambia subira huvuta heri.
Mbona imenivuta mimi?
Imevuta nyumba ikabaki kwenye lenta,
maana nani anapaua nyumba ya kuhama?
Imevuta posa ya Mrisho fundi boti,
niliyemwambia angoje kidogo tusiharibu makaratasi;
sasa ana mapacha na mwanamke wa Gungu.
Pasi yangu ya kusafiria imefariki bila muhuri hata mmoja.
Nikakata nyingine, picha masikio nje,
na mpiga picha wa Mwanga akauliza,
Bado tu, dada Mwasiti?
Bado tu.

Mwaka wa fomu uliota mchikichi nyuma ya choo.
Sikuupanda kwa nia, kokwa ilidondoka tu.
Umenipa mikungu nisiyoihesabu,
umemsomesha Siwema hadi sare ya uuguzi,
na haujaniomba cheti cha kuzaliwa.

Sasa wanasema tarehe yetu imekaribia.
Na Siwema naye amekaribia kwake:
mwezi wa tano anatimiza ishirini na mmoja,
na kwao huko, mwenye ishirini na mmoja
si mtoto tena wa mama yake.
Wana hesabu zao, wanatoa miezi hii, wanarudisha ile.
Nimezipiga kwa kalamu, kwa vidole, kwa kokwa za michikichi,
zinagoma kwa siku arobaini.
Arobaini!
Siku za mzazi kulala ndani.
Arobaini ya kwanza niliimaliza naye kifuani,
hii ya pili inamtoa mkononi mwangu.

Sudi analia kwenye simu. Anasema kosa ni lake,
angeapa uraia mwaka mmoja mapema.
Nyamaza, mdogo wangu. Foleni hukuitunga wewe.

Jana nimenunua mabati kumi na manane.
Siwema aliyaangalia, hakuuliza kitu.
Usiku tukakaa na fomu nyingine katikati yetu,
na swali lake moja, halina haya:
Andika watoto wako wote, hata wasiosafiri nawe.

Nimemwandika kwa herufi kubwa,
nikakandamiza kalamu
mpaka karatasi ya chini nayo ikalishika jina.
Wakimkata juu, chini atabaki.