Tatu Kabla ya Maji

Chaki iliisha Jumanne.
Ndiyo sababu, msinipe sifa nisizostahili,
Alhamisi niliingia Kidato cha Pili
na gunia la gorogoro saba,
glasi za kuazima jikoni
na ndoo mbili za maji ya mvua.

Miaka kumi na mmoja nimeandika ubaoni
y sawa na mx, jumlisha c,
nao wakaitikia kama waumini
waliokariri sala wakasahau haja.
Leo nikasema: mimina. Pima. Andika.
Glasi moja, kina gani? Mbili je?
Usinitazame mimi, tazama mkebe.

Basi darasa likalowa.
Ambani aliegemea dawati, dawati likaegemea ukuta,
maji yakalala upande kama ng'ombe mgonjwa.
Lihanda alikunywa nusu ya glasi ya nne,
na kuanzia hapo nukta zake zote
zilitembea sentimita moja kando ya njia.
Nilimwachia. Kiu nayo
ina mahali pake katika aljebra.

Mbili. Mbili tena. Mbili kasoro unywele.
Kiwanda cha chai cha Mudete kilikuwa kikipumua
ile harufu yake ya majani yanayokauka,
na kwenye karatasi za grafu nukta zilipanda
moja baada ya moja, bila kuambiwa zisimame wapi,
zikapanga foleni
ambayo sikuwahi kuipata asubuhi gwarideni.

Nikafika kwa Kageha, nyuma kabisa,
kiwiko kimefunika daftari.
Toa mkono.
Hakutoa.
Toa mkono, mama.
Glasi moja: tano. Mbili: saba. Tatu: tisa.
Na juu yake, kwa penseli iliyosita,
glasi sifuri: tatu.

"Mkebe mtupu una maji!"
Ni Ambani huyo, na kicheko kikapita
dirishani hadi kwa walinzi wa lango.

Kageha akaweka rula mezani.
Haikuwa na mwanzo.
Imekatika penye tatu, ncha imesuguliwa sakafuni
hata ikawa laini, huwezi kujua.
"Tuliivuta wote wawili," akasema.
"Kile kipande kingine kiko na Vihenda, Gredi ya Nne.
Anachorea nyumba."

Nilikuwa na kalamu nyekundu, kifuniko kimetoka.
Mkono wa mwalimu hujua njia ya kosa
kama punda ajuavyo njia ya kisimani.
Lakini niliichukua karatasi yake,
nikaiweka juu ya ile ya Musimbi,
nikaziinua zote mbili dirishani, kwenye mwanga.

Mistari miwili.
Haikugusana popote, haikuachana popote,
kama reli pale Luanda.
Kila glasi, mbili. Kila glasi, mbili.
Wa Musimbi ulitoka kwenye sifuri,
wa Kageha ulitoka kwenye tatu,
na mlima walioupanda ni mmoja.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilikuwa nikihesabu upya.
Agesa, ambaye tangu Januari hajainua mkono
ila kuomba kwenda nje, akasema polepole:
"Kumbe c ni pale ulipo
kabla hujamiminiwa kitu."

Ningependa kuandika kwamba Kageha alitabasamu.
Aliuliza: "Na Vihenda akipima kwa kipande chake?"
Nikafungua kinywa.
Rula ya Vihenda huzama kabla ya glasi ya pili,
hilo nililijua,
ila mvua ya saa tisa ikaangukia mabati,
na katika darasa letu mvua ikisema
mwalimu hunyamaza.

Paa likaanza kuvuja pale linapovujaga.
Wakasogeza mikebe bila kuagizwa.
Kageha akamwaga wake, akauweka chini ya tundu,
akasimamisha rula ndani, akainama kusoma.
Sikumsikia. Nilimwona midomo:
tatu.
Tatu.
Tatu na kitu.