Domi

Padre Nyagawa alifundisha Kilatini ndani ya koti la jeshi.
Dirisha moja halikuwa na kioo; ukungu wa Njombe
uliingia bila hodi, kama mtoro anayerudi.
Aliandika ubaoni: domus. Nyumba.
"Mwisho wake wa kiume," akasema, "lakini ni mwanamke.
Msidanganywe na mkia."
Tukacheka. Tulikuwa na miaka kumi na minne.

Neno lenyewe halikutulia:
mguu mmoja ngeli ya pili, mwingine ya nne,
kama Mlelwa, jirani yangu wa kitanda,
baba Mbena, mama Mkinga,
likizo hii huku, ijayo kule.

Kisha akapanga:
domum, naenda nyumbani.
domo, natoka nyumbani.
domi, nipo nyumbani.
"Hata kwenda kanisani, Mrumi alihitaji
kijineno cha kumshika mkono.
Kwenda kwao, hapana."

Nikanyoosha kidole. Padre, mbona sisi
ni nyumbani, nyumbani, nyumbani?
Akaitazama chaki kana kwamba ndiyo iliyouliza.
"Kwetu neno halisogei," akasema.
"Anayesogea ni mtu."

Mwezi wa sita, maji yameganda kwenye karai,
niliitwa ofisini.
Lori lililoshusha viazi likarudi Tandala
tupu, mimi nyuma, na magunia yanukayo udongo.

Nyumbani palikuwa pamefagiliwa.
Nyumbani kulikuwa na watu.
Nyumbani hamkuwa na mama.

Pa, ku, mu. Nilizihesabu bila kutaka,
nimesimama mlangoni na sanduku la bati,
shangazi ananivua kofia.
Mrumi hakuwa na hizi. Mrumi angesema domi
akamaliza, asijue kwamba pahali paweza kuwapo,
kukawa na moto, na uji, na majirani,
na ndani mwake mkawa hamna.

Kuna neno jingine, humus. Udongo.
Nalo lina mkia wa kiume, nalo ni mwanamke.
Padre alilitaja mara moja tu, kengele ikilia,
nasi tulikuwa tunafunga madaftari.
Humi: chini. Ardhini.
Nalo halitaki kijineno cha kulishika mkono.

Sikuwa padre. Nauza mbao Makambako,
mbili kwa nne, mbili kwa sita, za paa za watu.
Mteja akiniuliza kwetu wapi,
siku nyingine namjibu: Domi.
Anaitikia kwa kichwa. Anadhani ni kijiji
huko ng'ambo ya Kipengere, kusikofika basi.