Deni la Miaka Ishirini na Minane

Huku juu Huayllapata, ambako maji huchelewa kuchemka
na pumzi humalizika kabla ya sentensi,
mimi ndiye karani wa vifo.
Nina meza, wino mweusi, mhuri wa Jamhuri,
na ngazi kumi na tisa za mawe kutoka barabarani.

Mwaka ule walikufa wanane.
Wawili hawakufikisha arobaini yao, arobaini ya siku.
Mmoja alikuwa na mwaka, mmoja miwili:
huyo wa Basilia Ayaviri, aliyejua neno moja tu,
*yaku*, maji, na maji ndiyo yaliyomuua.
Wawili wa mgodini, arobaini na saba, hamsini na miwili.
Na vikongwe wawili, sabini na tisa, themanini na mitatu,
walioondoka kama wageni waliokwisha kushiba.

Akaja kijana wa takwimu kutoka mji mkuu,
koti jepesi, kichwa kikimgonga kwa mwinuko.
Akajumlisha, akagawanya: thelathini na mitatu.
Nikapekua daftari, mbele, nyuma.
Hakuna aliyekufa na thelathini na mitatu.
Wenye thelathini na mitatu walikuwa nje,
wanasukuma vibehewa, wananyonyesha, wanadaiana.
"Najua," akasema. "Tena hii ni hesabu ya mezani;
wastani wa umri wa kuishi una kanuni yake ndefu.
Ila wizarani hupanda ngazi namba fupi."

Habari ilifika sokoni kabla kijana hajafika kwenye basi.
Eulogio Colque, mchimba bati mstaafu, sitini na mmoja,
alipanda kwangu akipumzika mara tatu.
Akavua kofia.
"Nasikia hapa kwetu mtu huishi thelathini na mitatu.
Basi nina deni la miaka ishirini na minane.
Nimekula ya nani? Nimlipe nani?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Basilia alikuwa kwenye benchi, akingoja cheti.

Siisemi vibaya namba ile.
Nilikuwa nimeandika barua kumi na moja kuhusu maji:
nikataja majina, nikataja harufu,
nikataja kutu inayobaki vikombeni.
Barua zilijibiwa kwa barua.
Namba haikuwa na jina, haikunuka,
haikumlilia mtu,
ikaenda peke yake, ikarudi na mabomba.

Kisha ikawa hamsini na mitano.
Redio ikatangaza tumeongezewa miaka ishirini na miwili,
na bibi Remigia, mwenye themanini zake,
akaja kuuliza ya kwake anaichukulia dirisha gani.
Nikamweleza: bibi, uzee haukurefushwa,
ni watoto tu wameacha kufa.
Akafikiri.
"Tu?" akasema.
Hilo "tu" bado linaniwasha.

Mgodini hawakuleta bomba.
Vumbi la mawe huingia kifuani mwa mtu akiwa na ishirini
na kukaa kama mpangaji asiyelipa,
na miaka yote wanayokaa pamoja
huhesabiwa miaka, mizima, sawa na ya mwingine yeyote.
Eulogio hakuweza tena kulala chali.
Alilala ameketi, mgongo ukutani, mkewe akimshika paji la uso
lisianguke mbele.
Usiku mmoja kama huo: usiku mmoja.
Ndivyo daftari linavyojua kuhesabu.

Kila Januari alikuja kuuliza deni limefika wapi.
Hamsini na mitano ilimfurahisha:
"Linapungua! Nami sijatoa hata senti!"
Akaketi kwenye benchi ileile
mpaka midomo iliporudi rangi yake.

Alikufa Agosti, na sitini na minne.
Mwaka ule tulizika wachache, na miaka yake
ikauvuta wastani juu kidogo.
Kijana alinipigia simu kunipongeza.
Nilimshukuru. Nilimaanisha.

Kwenye safu ya umri niliandika 64, kwa wino.
Pembeni, kwa penseli, mahali mkaguzi hasomi:
*ngazi kumi na tisa; mara ya mwisho alipumzika saba.*