Mzunguko wa Nne

Bi Alamelu hakuwa na mizani.
Kopo la Kasuku, mdomo umepindika:
unga wa mchele makopo manne, wa dengu moja,
uzile, ufuta, chumvi mpaka ulimi ukubali.
Mie nikikaza mkono wa kinu cha shaba,
yeye akizungusha sahani chini yake,
mara moja, mbili, tatu,
na ya nne haijafika, uzi ukikatika.
Kila siku. Kidole chake cha shahada
kilibanwa na mlango wa stoo, kule Ganjoni,
kisinyooke tena.

Wateja wa Makadara wakiita chakri.
Murukku, akiwarekebisha, murukku.
Maana yake?
Kusokotwa. "Kama kiuno chako, Mbeyu, ukibeba debe."
Tukacheka hadi mafuta yakaungua.

Ladu hakuniachia.
Alizifinyanga mwenyewe usiku wa kuamkia Diwali,
mlango kaufunga,
na moja akaiweka dirishani
kwa ajili ya mtu ambaye sikumuuliza.

Wanawe walipokuja kumchukua
nilikabidhiwa kinu, kimefungwa gazetini,
shaba bado ina joto, au mikono yangu ndiyo.

Sasa nakaanga Likoni.
Mwezi wa Ramadhani foleni hufika kwa fundi cherehani.
Vidole vyangu vyote vimenyooka,
na mzunguko wa nne bado naukata.
Juzi kijana kauliza:
mama, mbona hizi hazimaliziki?
Nikamwongeza moja, bure.

Ladu sijajaribu.