Volti Tano

Umeme umekatika Ushguli, siku ya nne.
Theluji imeukalia waya kama deni.
Dzabuli anaifungua chaja ya redio koli:
parafujo tatu; ya nne ililiwa na kutu.

Chaja inataka volti kumi na mbili.
Paneli ya dirishani, kwa tundu la USB, ina tano.
Baina yao kibao, si kikubwa kuliko ukucha,
kinachopandisha kidogo kiwe cha kutosha
(mamaye alifanya hivyo kwa unga).

Msumari umepashwa jikoni, kwa kuni.
Lehemu inayeyuka. Moshi, kikohozi.
Nyekundu kwa chanya. Anakagua tena: nyekundu.
Taa inasita, inawaka.
Betri inakula.

Jioni anabonyeza:
"Bimurza, uko wapi?"
Mkwaruzo. Mkwaruzo.
"Nipo kibandani. Mbona ulinyamaza?"