Utakavyoona

Nilimuuliza Milembe bei ya saa moja.
Akatazama kandambili zake: "Utakavyoona, mama."

Neno hilo nalijua.
Mwaka wa pili chuoni nilifua nepi Capri Point,
nyumba yenye madirisha yanayoliona ziwa lote.
Wakaona elfu mbili kwa wiki
na kiporo cha sato, kichwa tu.

Kwa hiyo hapana. Kaa.
Tuhesabu.
Jumanne na Alhamisi, zamu yangu Bugando,
saa kumi na mbili jioni hadi saa nne.
Bodaboda ya Malimbe, kuja na kurudi, ni juu yangu,
usiichanganye na mshahara.
Masalu hali ugali usiosongwa mbele yake.
Halali mpaka atajiwe majina ya mawe ya mlimani;
mengine utayabuni, mimi pia nayabuni.
Akishalala, meza ni yako, taa ni yako,
fungua takwimu zako.
Saa hizo nazo nazilipa,
masikio yako yatakuwa yangali kazini.

Akaandika nyuma ya daftari. Akajumlisha. Akafuta.
Akataja kiasi kama mtu anayekohoa.

Nikaongeza mia tano.
Usinishukuru, nikamwambia:
nikiwa wodini nimempakata mtoto wa mwenzangu,
sitaki mikono iliyompakata wangu
iwe inahesabu deni.

Masalu hakungoja tumalize.
Alishazivaa kandambili za Milembe,
anazunguka nazo kibarazani,
pwata, pwata,
kama mwenye nyumba.